Disiki ya koperative ikikufa, usikimbilie kuiwasha tena

Msimu uliopita tuliitwa na koperative moja ya kahawa, kando ya ziwa Kivu. Ordinateri yao ilikufa siku chache mbele ya kulipa risturni. Ndani mulikuwa majina ya wanamemba wote na kilo za serizi ambazo kila mmoja alileta kwenye stesheni. Bila zile kilo, nani atajua mama fulani anadai franga ngapi? Watu walikuwa wameanza kuangaliana vibaya.

Tulikuta kijana wa ofisi anaiwasha na kuizima tangu asubuhi. Ndani mulisikika sauti: ta, ta, ta. Ile sauti njo ilitutia woga.

Disiki ya namna ile iko na sahani zinazozunguka mbio, mara 5400 ao 7200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachosoma karibu kabisa nazo bila kuzigusa. Ikianza kugonga, mara nyingi kichwa kimeharibika, na kila unapowasha kinaweza kukwangua sahani. Kilichokwanguliwa hakirudi, hata kwa fundi wa Ulaya mwenye vyombo vyote. Zima, chomoa, weka kando. Usiifungue, sababu vumbi kidogo tu inatosha kuimaliza. Wala usiitie mu frigo kama wengine wanavyoshauri: ikitoka inashika maji sawa chupa ya baridi. Kubadilisha kichwa ni kazi ya chumba kisicho na vumbi, na bei yake inaweza kupita ya ordinateri yenyewe.

Lakini ordinateri ikikataa kuwaka, si lazima disiki iwe imekufa. Pengine ni Windows imeharibika, ao umeme wa kwenda na kurudi umeunguza kifaa kingine. Hapo fundi atoe disiki, aitie mu kasha la USB, aiunganishe ku ordinateri ingine. Ikiuliza kama munataka kuiformata, jibu ni hapana. Ikisomeka vizuri, kopieni kwanza hesabu, picha za sherehe zitangoja. Ikisomeka kwa shida, nunueni disiki ingine yenye ukubwa sawa ao kupita, fundi akopie yote kwa programu ya bure inayoitwa ddrescue: inachukua kwanza sehemu nzima, kisha inarudilia zile mbovu. PhotoRec, nayo ya bure, itatafuta mafishie ndani ya kopi, siyo ndani ya mgonjwa. Majina ya mafishie yatapotea, mutafungua moja moja. Na mulichookoa kisiandikwe ku disiki ile ile, kitafunika vingine.

Ya kwao ilikuwa inagonga, basi tukaiacha. Tukauliza: nani alishapokea ile liste? Mnunuzi alikuwa nayo mu WhatsApp, mpaka mwisho wa mwezi wa ine. Zilizobaki tulizitafuta ku kaye za mpima kilo, isipokuwa moja iliyokwisha kuwashia moto. Kwa wiki ile wanamemba walileta resi zao, zingine zimefungwa mu kitambaa pamoja na makuta. Ilichukua siku tatu. Mahali kaye na resi zilikosana, komite ilimwita mwenyewe na jirani yake.

Risturni ililipwa, kwa kuchelewa. Sasa kila jioni ya mizani sekretere anakopia liste ku fulashi, na mama mchunga sanduku anarudi nayo nyumbani. Kaye za mpima kilo zinafungiwa mu kabati.