Sauti za Wazee Ndani ya Kijisanduku

Ni adimu kuingia nyumba ya Mombasa, Malindi ama Lamu ukakosa boksi la viatu lililojaa kaseti juu ya kabati. Ndani mna Juma Bhalo, mna Zein l'Abdin, mna Zuhura Swaleh, mna Sheikh Abdulbasit wa Misri na kisomo chake cha Qurani. Chini kabisa mna zile zisizo na jina, zilizorikodiwa arusini ama barazani na mtu ambaye huenda leo yuko mbele ya haki. Kaseti hizo zinakufa, ndugu msomaji. Unyevu wa Pwani hauna huruma na utepe, na mafundi wa redio za kaseti wanazidi kupungua.

Namna ya kuziokoa nimeiona mahali ambapo singepatarajia: Muthara, huko Tigania katika Meru, upande wa milima ya Nyambene.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameishi huko miaka mingi. Alikwenda kwa biashara ya miraa (nami miraa siigusi hapa, wenye kuila na wenye kuipinga wote ni wasomaji wetu), akaoa huko huko, akazaa. Watoto husema Kimeru na mama yao na Kiingereza shuleni, na Kiswahili chao ni cha sokoni. Dada alifariki yule mkubwa akiwa hajatimiza mwaka. Aliacha kaseti 23, na katika 9 ndiye yeye mwenyewe anayesoma tenzi mbele ya wanawake wenziwe. Wajukuu hawajapata kumsikia.

"Mjomba," aliniambia kwa simu, "nimenunua kompyuta ya kuweka sebuleni. Nataka kaseti za mama ziingie humo, lakini sijui nani ni nani. Njoo." Basi nikapanda basi.

Hiyo kompyuta yenyewe nilidhani ni chombo cha chumvi. Ni kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, kisicho kiwambo wala kibodi. Vya namna hii vilitumika maofisini Ulaya, vikachoka huko, vikaletwa kuuzwa kwetu, na Nairobi hupatikana katika maduka ya vyombo vya umeme. Hunyonya umeme kidogo, wati 10 hadi 15 kikipiga nyimbo tu, na hilo ni jambo kwa mtu anayelipa tokeni. Waya mmoja wa HDMI hukiunga na televisheni, na televisheni ndiyo inayokuwa kiwambo chake.

Cha mpwa wangu kina chipu ya Intel ya kizazi cha 7. Windows 11 hairasmishi chipu ya umri huo, na Windows 10 ilikoma kuhudumiwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba, 2025. Wako watakaokwambia kifaa kama hicho ni cha kutupwa. Hasha! Kijana mmoja fundi alikipangusa chote akaweka Linux Mint, ambayo haina bei, na juu yake programu mbili: Audacity ya kurikodi, na Kodi ya kuchezesha nyimbo na filamu televisheni. Kodi si ngeni. Ilianza miaka ya 2000 katika mashine za michezo za Xbox, ikiitwa XBMC, na jina la sasa ilipewa 2014. Mwenye kutaka kufanya hivi ajue kwamba kupangusa ni kupangusa: kilichokuwamo ndani chote huondoka.

Kisha kazi yenyewe. Redio ya kaseti ina tundu la kusikilizia kwa masikio. Kutoka hapo waya huenda kwenye kompyuta. Lakini visanduku hivi aghalabu vina tundu moja la kipaza sauti, lipokealo sauti dhaifu ya upande mmoja, kwa hivyo fundi alinunua kidude cha USB chenye tundu la kuingizia sauti ya pande mbili. Kichwa cha redio kilisafishwa kwa pamba na spiriti. Kaseti ikizungushwa kwanza mwanzo hadi mwisho bila kuchezwa, utepe ulioshikana huachana. Moja ilikuwa imevunjika gamba. Ilifunguliwa skrubu zake tano, utepe ukahamishiwa gamba jingine.

Haina njia ya mkato. Kaseti ya dakika 90 hutaka dakika 90, nawe umekaa. Ukirikodi bila kubana, saa moja hula kama megabaiti 635. Ukiibana kwa FLAC hupungua sana na sauti isipungue kitu. MP3 ni ndogo zaidi, lakini hiyo hukata, na kinachokatwa hakirudi. Mimi nilisimama hapo: sauti ya marehemu isikatwe. Diski ya gigabaiti 500 yatosha saa 780 na zaidi hata bila kubana, na sisi hatukuwa na saa 30.

Stima ya huko hupotea, kama ya kwetu. Tulipofika kaseti ya nne ilikatika katikati ya ubeti. Siku ya pili mpwa wangu alileta betri ya kushikilia umeme.

Sasa nifike penye uzito. Kodi ina tabia ya kwenda kwenye intaneti kutafuta habari za kila ulichonacho: picha ya jalada, mwaka, majina. Filamu za Marekani ilizitambua zote kabla chai haijapoa. Taarabu ya Mombasa ikaibakisha tupu. Wala si chuki ya mashine. Habari zile huandikwa na watu wa kujitolea, nasi hatujaandika. Tena Zein l'Abdin ukimwandika hivi leo na kesho ukamwandika Zainul Abidin, mashine itakufanyia watu wawili.

Basi nilikaa na kibodi nikaandika. Majalada ya kaseti yalitaja mwimbaji na duka, mshairi hakutajwa. Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliimba maneno ya malenga wengi, akiwemo Ahmad Nassir, na anayesikia leo hudhani yote ni yake. Humo ndani mna nafasi ya mtunzi. Pale nilipokuwa na yakini nilijaza. Nisipokuwa nayo niliacha wazi, kwa kuwa jina la kubahatisha likishaingia huaminiwa.

Jingine ni adabu. Mashine ikiachiwa ichanganye yenyewe, itamaliza sura ya Qurani ikaingia wimbo wa mapenzi pasi na pumzi. Tuliweka hazina mbalimbali: Qurani peke yake, tenzi peke yake, taarabu peke yake, na filamu za mpwa wangu mbali huko. Mkewe naye akaleta kaseti moja ya nyimbo za Kimeru za nyanyake. "Mjomba, na hii itaingia?" Ikaingia, kwa hazina yake, na majina aliyaandika mwenyewe.

Usiku wa tano kazi za dada zilikuwa tayari. Mpwa wangu alishika simu yake, ambayo kwa programu iitwayo Kore huwa ndiyo rimoti, akachagua. Kwanza kelele za vikombe, kisha mtu akakohoa, kisha yeye. Mpwa wangu aliondoka akaenda uani. Yule msichana mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Babu, mbona bibi anasema *ndoo* badala ya njoo?" Nikamweleza kuwa ndivyo tusemavyo Mvita. Akataka irudiwe, akawa anayafuata maneno kwa midomo.

Kitu kilicho mahali pamoja tu ni sawa na kilichopotea nusu. Fundi alinakili yote katika diski mbili za nje: moja imebaki Muthara katika kabati, na ya pili niliibeba kwenye mkoba hadi Mombasa. Kaseti zenyewe sikukubali zitupwe. Zimebaki 6 za taarabu zisizohamishwa, na mbili kati ya hizo sauti ya mwimbaji sijaitambua. Msichana ameniahidi kunipelekea vipande kwa WhatsApp, nivipeleke kwa wazee wa Kibokoni wavisikilize.