Rusizi: Mgahawa usimsubiri mpita njia pekee

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mjini Kamembe, wilayani Rusizi, methali hiyo ina ukweli kwa mgahawa ulio kando ya barabara: harufu ya sambaza wa Ziwa Kivu humwita mpita njia bila tangazo. Lakini mpita njia ana misimu yake. Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya janga la Korona, msafara wa watu waliovuka kila siku kati ya Rusizi na Bukavu ulikatika, na waliowategemea wakakosa wateja.

Hapo ndipo faida ya kupikia hafla inapoonekana. Chakula cha harusi, semina au mkutano wa ushirika huagizwa mapema, na mpishi hujua idadi ya wageni kabla ya kununua mchele wa Bugarama. Hata hivyo, mteja wa namna hii haongozwi na njaa. Anamkabidhi mpishi heshima yake mbele ya wageni, kwa hiyo hutafuta kwanza mtu wa kuaminika. Kumtangazia huduma ni kumpa sababu za kuamini.

Sababu ya kwanza ni bei iliyoandikwa. Orodha ya vyakula kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa humwezesha msimamizi wa harusi kupiga hesabu akiwa nyumbani. Tuchukue mfano: kwa faranga 4,000 kila mgeni, wageni 200 watagharimu faranga 800,000. Orodha ieleze pia kama bei hiyo inajumuisha usafiri, vyombo na wahudumu, na ni kiasi gani hulipwa kabla. Jambo lisiloandikwa huzaa mabishano siku ya hafla.

Ya pili ni kuonjesha. Picha zinazotumwa kwa WhatsApp husaidia iwapo ni za chakula cha mgahawa wenyewe, lakini sahani chache za pilau zikifika mbele ya kamati ya harusi huamua zaidi. Kwa familia za Kiislamu, mgahawa ueleze waziwazi nyama huchinjwa wapi na vyombo hutunzwa vipi. Mwezi wa Ramadhani, maelezo hayo yaweza kuleta maagizo ya futari.

Ya tatu ni nyaraka. Shule, hospitali na mashirika huhitaji ankara ya EBM inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, na zabuni za taasisi za umma hupitia mfumo wa Umucyo. Asiyejiandaa kwa hayo hukosa kazi hizo hata akipika vizuri.

Hatimaye, hafla yenyewe ni tangazo. Wageni 200 ni waonjaji 200. Jina na namba ya simu ya mgahawa vionekane penye meza ya chakula, na baada ya siku mbili mwenye hafla apigiwe simu kuulizwa kilichompendeza na kilichopungua. Ikiwa vyombo havitoshi kwa kazi mbili za siku moja, ni heri kukataa moja. Chakula kikichelewa harusini, habari hufika Bukavu kabla ya sufuria kuoshwa.

Chema hujiuza kweli, lakini kwa aliyekwisha kukionja. Wengine sharti wafuatwe walipo.