Mawimbi Yanayokagua Mabomba na Reli

Mtikisiko unaozidi hezi 20,000 hausikiki kwa sikio la binadamu, nao huitwa ultrasoniki. Ndani ya pande nene la chuma, mawimbi yake hutawanyika kila upande. Kwenye bamba, bomba au reli mambo ni tofauti: mawimbi hugonga kuta, hurudishwa ndani, na mwishowe hulazimika kufuata umbo la chuma, kama maji yafuatavyo mfereji. Haya ndiyo mawimbi yanayoongozwa. Mwingereza Horace Lamb alieleza hesabu za mawimbi hayo katika bamba mwaka 1917, lakini matumizi yake katika mabomba marefu ya viwandani yalishika kasi miaka ya 1990, hasa kutokana na kazi ya watafiti wa Imperial College, London.

Tatizo lililowasukuma lilikuwa kutu. Katika viwanda vya kusafisha mafuta na vya kemikali, mabomba mengi huvishwa vifuniko vya kuhifadhi joto, na juu yake bati. Maji ya mvua yakipenya, chuma huliwa humo ndani bila mtu kuona. Kipimo cha kawaida cha unene husoma mahali pale tu kilipowekwa, kwa hiyo kukagua bomba zima ni kulivua kifuniko chote, na mara nyingi kujenga majukwaa ya kupandia. Gharama ya kufikia bomba huishinda gharama ya kulipima.

Kwa mawimbi yanayoongozwa, fundi huvua kipande kifupi tu na kulifunga bomba mkanda wenye vihisi. Ndani ya vihisi mna vipande vya kauri vinavyotikisika vikipewa umeme, na kutoa umeme vikitikiswa. Mkanda hulisokota bomba kidogo mno, kwa masafa ya takriban kilohezi 20 hadi 100, na wimbi hukimbia pande zote mbili kwa kasi ya karibu mita 3,200 kwa sekunde. Likikuta badiliko la unene, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mwangwi uliochukua sehemu 10 kati ya 1,000 za sekunde kwenda na kurudi umetoka umbali wa mita 16. Mazingira yakiwa mazuri, mkanda mmoja hukagua makumi ya mita kila upande.

Ugumu upo katika kuusoma mwangwi, kwani maungio ya kuchomelea nayo hurudisha sauti. Maungio hayo huzunguka bomba sawasawa, hivyo mwangwi wake hurudi ukiwa wa kusokota vilevile. Kutu iliyokula upande mmoja hurudisha pia mawimbi yanayolipinda bomba, na hapo fundi mzoefu hushtuka. Hata hivyo kifaa hakisemi chuma kimebaki na unene gani, wala kama kutu iko ndani au nje. Kinaonyesha pa kuvua na kupima. Bomba lililofukiwa na kupakwa lami hunyonya mawimbi, na umbali unaokaguliwa unaweza kushuka hadi mita chache.

Vihisi vikiachwa mahali pake daima, kila kipimo hulinganishwa na cha kwanza, na badiliko dogo ambalo ukaguzi wa mara moja ungelipita huonekana. Kikwazo ni joto: bomba lenye joto na lililopoa hupitisha wimbi kwa kasi tofauti kidogo, hivyo kompyuta lazima iondoe tofauti hiyo kabla ya kudai kuna kutu.

Afrika Kusini imeyapeleka mawimbi haya kwenye reli. Njia ya Sishen hadi Saldanha, yenye urefu wa kilomita 861, hubeba madini ya chuma kwa treni ndefu na nzito mno, na reli ikikatika treni inaweza kuanguka. Kando ya njia vimewekwa vituo vya kutuma na kupokea mawimbi. Hapa hakuna anayesubiri mwangwi. Kituo cha kupokea husubiri wimbi lenyewe, na lisipofika, kengele ya hatari hulia kabla treni haijafika. Udhaifu wake uko wazi. Ufa ambao haujaikata reli bado huruhusu sehemu kubwa ya wimbi kupita, kwa hiyo mfumo huu hutambua hasa reli iliyokwisha kukatika, na magari ya ukaguzi wa nyufa bado yanahitajika.