Simu ndiyo ofisi yangu: programu tano zinazonisaidia kwenye udalali hapa Buzuruga



Mimi ni dalali wa vyumba na fremu hapa Buzuruga, Mwanza. Sina ofisi ya meza na kiti. Ofisi yangu ni simu, chaja na boda. Nazunguka Buzuruga, Nyakato, Mecco, Nyasaka, na siku nyingine nafika mpaka Buswelu. Najua wengi humu mnauza viatu, vitenge, vipodozi na dagaa, siyo nyumba. Lakini soma mpaka mwisho, maana kilichonikuta kinaweza kumkuta yeyote anayeuza kwa picha.

Jumapili moja jioni kijana wa boda alinipigia kutoka stendi ya Buzuruga. "Dalali, kuna mama hapa ana watoto wawili na godoro, anaitafuta nyumba yako yenye mlango wa bluu." Nikaenda. Yule mama alikuwa ametoka upande wa Geita, amepata kazi huku. Akanionyesha picha ya chumba na sebule kwenye simu yake. Picha niliipiga mimi mwenyewe, hata ncha ya kiatu changu inaonekana pale chini. Lakini namba aliyoitumia hela haikuwa yangu.

Tapeli alichukua picha yangu kwenye grupu, akaweka namba yake, akamwambia wateja ni wengi, tuma kodi ya miezi mitatu nikushikie. Mama akatuma 300,000. Alipofika stendi, simu ya yule mtu haipatikani. Na chumba chenyewe kilishapata mpangaji wiki mbili nyuma. Mimi sikuwa nimeifuta ile picha.

Watu walijaa. Wengine wakaanza kusema, "Ni huyu huyu." Kilichoniokoa ni kufungua miamala yangu pale pale, wakaona hiyo hela haijapita kwangu. Asubuhi tukaenda polisi kutoa taarifa. Mpaka leo hela ya yule mama haijarudi. Nilimtafutia chumba kimoja kwa mwenye nyumba aliyekubali kodi ya mwezi mmoja, sikuchukua hela ya udalali. Ni kweli sikumtapeli, lakini picha yangu ndiyo ilitumika kumtapeli.

Tangu siku hiyo nilibadilisha namna ninavyotumia simu. Programu ni hizi, na zote unaweza kuanza nazo bila kulipia zaidi ya bando.

1. WhatsApp Business

Wengi tunayo, ila tunaitumia kama ile ya kawaida. Ingia kwenye katalogi. Kila chumba nakiweka humo na picha, bei, miezi ya kuanzia, na kama LUKU ni ya peke yako au mnachangia. Mteja akiuliza "una nini?", namtumia katalogi, simrushii picha arobaini. Chumba kikipata mtu, nakiondoa siku hiyo hiyo. Hii ndiyo sheria yangu ya kwanza sasa. Hata wewe wa viatu: saizi imeisha, iondoe, usimwache mtu atume hela ya mzigo ambao haupo.

Halafu kuna lebo. Mimi nina "anatafuta", "ameona", "amelipa" na "mwenye nyumba". Na majibu ya haraka: swali la hela ya kupelekwa kuona nyumba naulizwa kutwa nzima, sasa naandika mkwaju na neno moja tu, jibu lote linatoka.

2. Programu ya kuhariri picha

Siyo lazima utafute kubwa. Ile iliyokuja na simu inatosha, hata WhatsApp yenyewe inaruhusu kuandika juu ya picha kabla ya kutuma. Katikati ya picha, siyo pembeni, naandika namba yangu na tarehe. Pembeni tapeli anakata sekunde mbili. Tarehe inamsaidia mteja kujua kama picha ni ya juzi au ya mwaka jana.

Mteja aliye mbali simwachi na picha peke yake. Namwambia tupigiane simu ya video nikiwa ndani ya chumba, nafungua bomba, nawasha taa, naonyesha choo. Tapeli hawezi kufanya hivyo kwa sababu hana funguo.

3. Google Maps

Mwanza mnaijua. Nyumba iko juu ya jiwe, njia inapita kwa jirani, ukimwelekeza mtu kwa mdomo utaongea mpaka salio liishe. Nikiwa mlangoni nabonyeza na kushikilia kidole kwenye ramani, alama inatokea, naihifadhi na jina ninalolijua mimi. Ramani ya Mwanza nimeishusha kwenye simu, kwa hiyo hata bando likikata bado inafunguka.

Angalizo: usirushe lokesheni ya nyumba kwenye grupu. Kwanza, utakuta mteja na dalali mwingine wameshafika kwa mwenye nyumba bila wewe. Pili, ndani wanaishi watu. Natuma lokesheni kwa mteja tuliyepanga naye muda tu. Wewe unayepeleka mizigo, mwombe mteja akutumie ya kwake, utapunguza zile simu za "niko kwenye mti, wewe uko wapi?"

4. Programu ya mtandao wako wa simu ya kutuma pesa

Hapa ndipo watu wanaliwa. Kabla hujaweka namba ya siri, jina la anayepokea linatokea. Lisome. Kama uliambiwa unamlipa mama mwenye nyumba na jina lililotokea ni la mtu usiyemjua, acha kwanza, piga simu uulize. Utaratibu wangu sasa: mpangaji anaona chumba kwanza, kodi inakwenda kwa mwenye nyumba mwenyewe, hela yangu ya udalali inakuja kwangu. Kodi ya mtu haipiti mkononi mwangu.

Mnaufahamu ule ujumbe wa "mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma kwenye namba hii". Ukiupata usijibu, utume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona laini usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafungwe, isije ikafanya uhalifu kwa jina lako.

Taarifa za miamala nazo usizidharau. Mwisho wa mwezi nazipitia, najua nimeingiza kiasi gani na boda zimekula kiasi gani. Mara ya kwanza nilipohesabu, nilishangaa. Nilikuwa nawapeleka watu kuona nyumba kwa hasara.

5. Kalenda, Sheets na Drive za Google

Hizi nazihesabu kama moja kwa sababu zote zinatumia akaunti moja ya Gmail. Kwenye Sheets nina jedwali la nyumba: mwenye nyumba, kodi, maji, mpangaji ameingia lini, mkataba unaisha lini. Kwenye Kalenda naweka kikumbusho mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha. Siku hiyo nampigia mwenye nyumba: "Shikamoo mama, yule kijana anaendelea au anahama?" Kama anahama, mimi ndiye dalali wa kwanza kujua.

Drive naitumia kupiga skani ya mikataba na kutunza picha. Google wanatoa GB 15 bila malipo. Stendi yetu ina watu wengi, simu kuchomolewa ni dakika moja. Ukinunua nyingine, unaingia kwenye akaunti yako na vitu vyako unavikuta.

Ila picha za vitambulisho vya wateja usiziache zinazagaa kwenye simu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria, kitambulisho cha mtu ni dhamana. Mkataba ukishasainiwa na kazi imeisha, mimi nafuta.

Mwisho niseme ukweli. Hakuna programu inayomfanya mtu awe mwaminifu. Tapeli naye ana WhatsApp na anaandika vizuri kuliko mimi. Tofauti ni kwamba mimi nina funguo, nina mwenye nyumba anayenijua, na picha zangu zina tarehe. Yule mama wa Geita angeona tarehe ya zamani na namba nyingine katikati ya picha, huenda angeuliza swali moja kabla ya kutuma.

Kwa hiyo leo usiku, kabla hujalala, fanya mambo matatu. Futa picha za bidhaa ulizokwisha kuuza. Andika namba yako katikati ya zilizobaki. Piga *106#. Haitazidi nusu saa.

Kazi njema, na hela ya mteja tuiheshimu.