Fahamu: Ndoa, kura na risasi katika koo tano za mafia New York

Mwaka 1931, baada ya vita vya kikatili vya mafia mjini New York, Salvatore Maranzano alijitangaza bosi wa mabosi. Hakumaliza mwaka. Septemba 10 aliuawa ofisini kwake, na Charles "Lucky" Luciano, aliyekuwa nyuma ya mauaji hayo, hakukitaka cheo hicho. Aliunda Tume, baraza la wakuu wa koo la kusuluhisha migogoro na kutoa idhini kabla bosi hajauawa.

Kura za Tume peke yake hazikutosha, koo zilioana. Mwaka 1956 mtoto wa bosi Joe Bonanno alimwoa binti wa nduguye bosi mwingine, Joe Profaci. Mwaka 1962 mtoto wa bosi Carlo Gambino akamwoa binti wa bosi Tommy Lucchese. Kambi zikawa wazi: wakwe hawa dhidi ya wakwe wale. Profaci alipofariki, mrithi wake, Joseph Magliocco, na Bonanno walipanga kuwaua Gambino na Lucchese. Kazi akapewa Joe Colombo, mmoja wa watu wa Magliocco, naye mjanja huyo akaenda kuwatonya waliolengwa. Tume ilimzawadia ukoo mzima wa Profaci, ambao mpaka leo unaitwa Colombo.

Desemba 1985 John Gotti wa ukoo wa Gambino aliagiza bosi wake, Paul Castellano, auawe bila idhini ya Tume. Wakuu wa koo za Genovese na Lucchese walijibu kwa bomu la garini Aprili 1986. Lilimuua msaidizi wa Gotti, Frank DeCicco; Gotti mwenyewe hakuwepo.