Kuzuia Wizi wa Majarida katika Maktaba za Shule

Utangulizi

Katika shule zetu nyingi za sekondari na seminari, maktaba ni chumba kimoja chenye rafu za vitabu, meza chache za kusomea, na pembeni meza ndogo ya majarida na magazeti. Meza hiyo ndogo ndiyo inayopendwa zaidi na wanafunzi, na ndiyo inayoibiwa zaidi. Vitabu navyo hupotea, lakini kitabu kikipotea pengo lake huonekana kwenye rafu. Jarida hupotea kimya kimya. Shule hutambua mwisho wa mwaka, pale matoleo kumi na mawili yaliyopokelewa yanapotafutwa na kupatikana matano, na katika hayo matano mawili hayana kurasa za katikati.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini majarida huibwa kwa urahisi kuliko vitabu. Pili, ni akina nani wanaoyachukua, na kwa sababu gani. Tatu, ni njia zipi ambazo shule isiyo na fedha nyingi inaweza kuzitumia ili kuyalinda bila kuwanyima wanafunzi nafasi ya kuyasoma. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Kulinda jarida lisisomwe na mtu ni kazi nyepesi, kwa maana kufuli moja latosha. Kulilinda huku likisomwa na wanafunzi mia nne ndiyo kazi ya maktaba.

Tatizo la kale

Wizi katika maktaba haukuanza kwetu, wala haukuanza leo. Katika Ulaya ya zamani, vitabu vilipokuwa vikinakiliwa kwa mkono, vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu na madawati. Maktaba ya kanisa kuu la Hereford huko Uingereza ina rafu za mwaka 1611 ambazo hadi leo vitabu vyake vimefungwa kwa minyororo, na mjini Zutphen, Uholanzi, ipo maktaba ya namna hiyo iliyojengwa mwaka 1564. Mnyororo haukuwekwa ili kumfukuza msomaji. Uliwekwa ili kitabu kibaki mahali ambapo kila msomaji angekikuta.

Martin Luther naye, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524 kuwahimiza wafungue shule, hakuishia kwenye walimu na madarasa. Aliwasihi wasione uchungu wa gharama katika kuanzisha maktaba nzuri, na miongoni mwa vitabu vilivyostahili kuwekwa humo alitaja vile vya historia na kumbukumbu za matukio. Alijua kwamba jamii isiyotunza kumbukumbu zake hurudia makosa yake.

Hapo ndipo thamani ya jarida inapoonekana. Jarida la leo ni habari. Baada ya miaka thelathini ni historia. Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilisomwa na watu wa wakati wake ili wapate habari, mashairi na mafundisho ya kilimo na afya. Leo mtafiti hulitafuta ili ajue babu zetu walifikiri nini na waliandika Kiswahili cha namna gani. Kila nakala iliyochanwa imeondoa sehemu ya ushahidi huo. Anayeiba toleo la mwezi uliopita hadhani kwamba anamwibia mtu ambaye bado hajazaliwa.

Kwa nini majarida hasa

Sababu ya kwanza ni umbo lake. Jarida ni jembamba. Huingia ndani ya daftari au chini ya shati bila kuonekana. Ya pili, lina picha na rangi, kwa hiyo hata asiyependa kusoma hulitamani. Ya tatu, thamani yake hudharauliwa. Mwanafunzi ambaye hangethubutu kuiba kamusi huchana ukurasa wa jarida bila kuona kwamba ametenda kosa, kwa kuwa anaamini kwamba majarida hutupwa. Na pengine amewaona walimu wake wakifanyia hayo majarida viti vya kukalia wakati wa mahafali.

Sababu ya nne ndiyo kubwa, nayo ni yetu sisi wasimamizi. Kitabu kinapofika hupewa namba, huandikwa katika daftari na kubandikwa karatasi ya kuazimia. Jarida hutupwa mezani kama lilivyofika. Kitu kisichoandikwa popote hakiwezi kujulikana kwamba kimepotea. Zaidi ya hayo, kitabu kilichopotea huweza kununuliwa tena, bali toleo la jarida likiisha dukani halichapishwi tena.

Nilivyojifunza

Miaka ya nyuma, nikiwa mchungaji kijana, nilipewa kazi ya kufundisha Maarifa ya Biblia katika shule moja ya bweni, na pamoja na vipindi nikakabidhiwa maktaba. Nilipohesabu majarida nilikuta zaidi ya nusu hayapo. Nikapeleka taarifa kwa uongozi, tukakubaliana yafungiwe kabatini na ufunguo nikae nao mimi. Mwaka uliofuata halikupotea hata toleo moja. Niliripoti jambo hilo kwa furaha. Sikuripoti kwamba hakuna aliyeyasoma, na kwamba rafu ya chini ilikuwa imeliwa na mchwa.

Katika mwaka huohuo mvulana wa kidato cha pili alikutwa na kurasa mbili za jarida chini ya godoro lake. Alikuwa amezichana siku niliyoacha kabati wazi kwa dakika chache. Kikao cha nidhamu kilimsimamisha masomo kwa majuma mawili, nami nilikuwa mmoja wa waliokubali. Ni baada ya yeye kuondoka nilipozitazama kurasa zile. Zilieleza ugonjwa wa kifafa: kwamba hauambukizi, kwamba una dawa, na jinsi ya kumsaidia mtu anapoanguka. Alipoulizwa baadaye alisema kwamba mdogo wake huanguka, na nyumbani watu huogopa kumgusa. Alitaka mama yake asome.

Kosa lilikuwa kosa. Kurasa zile zilikuwa mali ya wanafunzi wote, na wengine wenye ndugu kama huyo nao walizihitaji. Lakini sisi hatukuwa tumempa njia yoyote halali ya kupata alichokihitaji. Fotokopi ya kurasa mbili ingegharimu chini ya nauli aliyolipa kurudi kwao.

Kila mchukuaji na dawa yake

Tangu siku hiyo nimezoea kuwagawa wanaochukua majarida katika makundi manne, kwa kuwa dawa ya mmoja haimponyi mwingine.

Wa kwanza ni mwenye haja ya habari, kama mvulana yule, au mtahiniwa anayetaka makala ya kumsaidia katika mtihani. Huyu hazuiwi kwa ulinzi tu. Apewe nakala. Shule yenye mashine ya fotokopi itoe nakala kwa bei ya karatasi na wino. Isiyo na mashine itenge saa za kunakili kwa mkono. Siku hizi mkutubi anaweza pia kupiga picha ukurasa kwa simu yake na kuuchapisha ofisini, hata pale ambapo wanafunzi wenyewe hawaruhusiwi kuwa na simu.

Wa pili ni mpenda picha. Huyu hutaka mchezaji wa mpira au mwimbaji wa kubandika ukutani. Dawa yake ni ndogo: majarida yenye nakala za ziada, na yale yaliyokwisha kuharibika, yakatwe na mkutubi mwenyewe, na picha zigawiwe au zibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Wa tatu ni mwenye kuuza au kutumia karatasi. Kurasa za majarida hufungia karanga na maandazi, huwasha moto, na hufunika madaftari. Huyu huzuiwa kwa hesabu na ulinzi wa mlango. Shule pia iweke mahali pa wazi rundo la magazeti ya zamani yasiyotunzwa, ili mwenye haja ya karatasi asiguse yanayotunzwa.

Wa nne ni mwazimaji asiyerudisha, na hapa ni lazima tuseme ukweli: mara nyingi ni mwalimu. Huchukua toleo jipya kabla halijafika mezani, hulipeleka nyumbani, na anapohamishwa huhama nalo. Mwanafunzi akiliona hilo, hakuna kanuni itakayomfundisha vinginevyo. Kwa hiyo mwalimu naye aandike jina lake daftarini, na kabla ya kuhama apate saini ya mkutubi pamoja na saini nyingine za makabidhiano.

Hatua za utunzaji

Mambo yafuatayo hayahitaji mitambo. Yanahitaji uaminifu wa kila siku.

Pawe na daftari la kupokelea majarida, lenye ukurasa kwa kila jarida na nafasi kwa kila toleo: tarehe ya kufika, namba ya toleo, idadi ya nakala. Jarida lisitoke ofisini kabla halijaandikwa humo.

Kila nakala ipigwe mhuri wa shule mahali pasipopungua patatu: kwenye jalada, kwenye ukurasa wa katikati, na kwenye ukurasa mmoja wa siri ambao namba yake ni ileile kwa majarida yote, mathalani ukurasa wa 11. Mhuri usifiche maandishi. Mwizi akichana jalada, mhuri wa ndani utamshuhudia.

Toleo jipya liwekwe mezani mbele ya mkutubi, na msomaji alipate kwa kuacha kitambulisho chake au kwa kuandika jina na saa. Majarida yasiazimwe kwenda bwenini wakati wa juma, ila nakala za ziada. Anaporudisha, mkutubi apekue kurasa mbele yake. Kazi hiyo huchukua nusu dakika, na huzuia uchanaji kuliko tangazo lolote la ukutani.

Maktaba iwe na mlango mmoja wa kuingilia na kutokea, madirisha yenye wavu, na mahali pa kuacha mifuko na makoti nje. Meza zipangwe ili mkutubi aone mikono ya wasomaji wote. Uchanaji mwingi hufanyika nyuma ya rafu ndefu, basi rafu ndefu zisimamishwe kandokando ya ukuta.

Mwisho wa mwaka matoleo yote ya jarida moja yashonwe pamoja na kutiwa jalada gumu. Jarida lililojalidiwa huwa kitabu: lina uzito, lina namba, na pengo lake laonekana. Hata uzi, gundi na boksi gumu vyatosha, na wanafunzi wenyewe waweza kufundishwa kazi hiyo.

Tena, pawe na fahirisi ya makala, yaani daftari linaloonyesha somo, jarida na ukurasa. Watu hawachani wanachojua kwamba watakikuta tena. Shule inayotaka kumfundisha mkutubi wake kazi hizi inaweza kuomba ushauri kwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ambayo chuo chake kiko Bagamoyo.

Mwisho, hesabu ifanyike kila Ijumaa na kamati ya wanafunzi wawili kutoka kila kidato. Wanafunzi wakihesabu wenyewe na kuwasomea wenzao matokeo, mali ya shule hugeuka kuwa mali yao.

Adhabu na marejesho

Kanuni bila adhabu ni maneno matupu, lakini adhabu inayomwondoa mwanafunzi shuleni kwa sababu ya ukurasa imepoteza kipimo. Lengo liwe kurudisha. Aliyechana ukurasa na autafute, aunakili kwa mwandiko safi, na nakala ishikizwe mahali pa ule uliotoka. Aliyepoteza toleo zima alete jingine au alipe bei yake, kisha afanye kazi maktabani kwa muda uliopangwa. Kila muhula pia pawe na juma moja la marejesho ambapo yeyote anaweza kuacha jarida katika sanduku mlangoni bila kuulizwa. Msimamizi atakayelianzisha juma hilo asishangae akikuta humo mihuri ya miaka mingi iliyopita.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 amri ya saba haikuelezwa kwa kukataza tu. Imeagiza pia kumsaidia jirani kuitunza mali yake na kuiongeza. Kwa maktaba maana yake ni kwamba haitoshi kuwazuia wanafunzi wasichukue, tuwafanye watunzaji.

Hitimisho

Majarida huibwa kwa kuwa ni mepesi, yanadharauliwa, hayaandikwi, na mara nyingine kwa kuwa yanahitajiwa kweli. Sababu tatu za kwanza huondolewa kwa daftari, mhuri, jalada na hesabu. Ya nne huondolewa kwa kumpa mwenye haja alichokihitaji kabla hajakiiba. Msimamizi wa maktaba na ajiulize mwisho wa kila mwaka maswali mawili pamoja: ni majarida mangapi yaliyobaki, na ni wanafunzi wangapi walioyasoma? Mimi mwaka ule nilikuwa na jibu zuri la swali la kwanza peke yake.

Mvulana yule alirudi baada ya majuma mawili. Nilimpa fotokopi ya kurasa zile mbili, naye akazituma nyumbani kwa basi la Jumamosi. Kurasa zenyewe tulizigundisha pamoja mahali pake, na alama ya kuchanika bado yaonekana.