Kubadilisha, Kuhamisha na Kubadilishana: Upangaji Upya wa Miunganisho ya Pini katika Programu za Kuundia Bodi za Saketi

Utangulizi

Hoja kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maarifa ya sayansi na teknolojia si ngeni kwa msomaji wa jarida hili. Imetetewa kwa maandishi na kwa vitendo. Mwaka 1990, kwa mfano, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hata hivyo, kuorodhesha istilahi ni jambo moja, na kueleza kazi ya kitaalamu hatua kwa hatua hadi ikaeleweka ni jambo jingine.

Makala haya yanaangazia kazi moja ya wahandisi wa elektroniki, yaani kupanga upya miunganisho ya pini katika programu za tarakilishi zinazotumiwa kuundia bodi za saketi. Lengo ni kuonyesha kwamba kazi hii hueleweka pale vitendo vitatu vinapotofautishwa, navyo Kiswahili kina vitenzi vyake tayari: kubadilisha, kuhamisha na kubadilishana. Anayevichanganya vitendo hivyo huharibu bodi. Anayevichanganya vitenzi hivyo hupotosha maelezo.

Bodi, pini na neti

Ndani ya redio, simu au rimoti ya televisheni mna kibamba chembamba, aghalabu cha rangi ya kijani. Hicho ndicho bodi ya saketi. Juu yake hupachikwa vijenzi mbalimbali, na vingi kati ya hivyo vina miguu ya chuma iitwayo pini. Pini huunganishwa kwa vijia vya shaba vilivyo juu ya bodi. Pini zote zinazopaswa kupitisha umeme mmoja, hata zikiwa za vijenzi tofauti, huunda kundi moja liitwalo neti. Neno mtandao lingeweza kufaa hapa, lakini tayari linatumika sana kwa maana ya intaneti. Kwa sababu hiyo neti inatumiwa katika makala haya, nayo isichukuliwe kuwa chandarua.

Katika programu kama vile EAGLE, KiCad na Altium Designer, mhandisi hufanya kazi kwa michoro miwili. Mchoro wa saketi huonyesha ni pini gani inaungana na ipi, bila kujali umbali. Mchoro wa bodi huonyesha mahali halisi pa kila kijenzi na kila kijia. Mwanaisimu anaweza kuulinganisha wa kwanza na muundo wa ndani wa sentensi, na wa pili na muundo wa nje. Michoro hii miwili sharti ikubaliane wakati wote.

Kiini cha tatizo

Vijia viwili vya neti tofauti haviwezi kukatana katika tabaka moja la shaba, kwa kuwa vikigusana saketi huharibika. Vinapolazimika kupishana, kimoja hutobolewa njia hadi tabaka jingine. Kila kitobo hula nafasi, na bodi yenye msongamano huweza kuhitaji matabaka zaidi, jambo linaloongeza gharama ya kuitengeneza.

Mara nyingi, lakini, mpishano huo hautokani na haja ya saketi bali na uamuzi wa awali wa mhandisi. Alipochora mchoro wa saketi, alichagua pini fulani ilhali nyingine ingefaa vilevile. Hapo ndipo upangaji upya unapoingia.

Mfano wa chipu ya 7400

Chipu ya 7400, iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Texas Instruments katika miaka ya 1960, ina pini 14 na malango manne ya mantiki ya aina ya NAND. Kila lango lina viingizo viwili na kitokeo kimoja. Pini ya 1 na ya 2 ni viingizo vya lango la kwanza, na ya 3 ni kitokeo chake. Lango la pili lina viingizo katika pini ya 4 na ya 5, na kitokeo katika pini ya 6. Malango mawili yaliyosalia yako upande wa pili wa chipu. Pini ya 7 ni ya ardhi, na ya 14 huingiza umeme.

Lango la NAND hutoa sifuri pale tu ambapo viingizo vyote viwili ni moja. Halijali ni kiingizo kipi kimetajwa kwanza. Sentensi "Juma na Asha wamefika" ina ukweli uleule wa "Asha na Juma wamefika". Kwa hiyo neti iliyo kwenye pini ya 1 na ile iliyo kwenye pini ya 2 zinaweza kubadilishana nafasi bila madhara. Aidha, malango yote manne ni sawa, hivyo lango zima linaweza kubadilishana nafasi na jingine.

Hali ni tofauti kwa pini ya 2 na ya 3. Moja hupokea na nyingine hutoa. Kuzibadilishana ni sawa na kugeuza "Juma amemlipa Asha" kuwa "Asha amemlipa Juma": maneno ni yaleyale, lakini deni limehamia kwa mtu mwingine.

Vitenzi vitatu

Jina la Kiingereza la kazi hii husema kwamba pini ndizo zinazobadilishana. Kwa hakika pini hazisogei hata kidogo. Mguu wa chuma hubaki palepale ulipowekwa na kiwanda; kinachohama ni neti. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba pini mbili zinabadilishana neti. Kiambishi cha kauli ya kutendana, -an-, kinabeba sharti zima la kazi hii: kila upande unatoa na kupokea, na pande zote mbili zina hadhi sawa.

Kuhamisha ni kitendo cha upande mmoja. Neti inaondolewa kwenye pini moja na kupelekwa kwenye nyingine iliyokuwa wazi, mathalani katika kidhibiti kidogo kinachoprogramiwa, ambacho baadhi ya pini zake hazijatumiwa.

Kubadilisha, kwa matumizi ya makala haya, ni kugusa maana ya saketi yenyewe. Neti inapowekwa kwenye pini isiyolingana na ile ya awali, saketi inakuwa nyingine. Hilo linaweza kukusudiwa, lakini halipaswi kutokea kwa bahati mbaya katika mchoro wa bodi.

Hatua za kazi

Ufanisi katika kazi hii hutegemea mpangilio wa hatua.

Kwanza, ulinganifu wa pini hutangazwa katika maelezo ya kijenzi kabla ya bodi kuchorwa. Katika EAGLE, kila pini hupewa namba ya ulinganifu. Namba 0 humaanisha kwamba pini haiwezi kubadilishana na yoyote. Pini zenye namba moja iliyo zaidi ya 0 katika alama moja zinaweza kubadilishana.

Pili, vijenzi hupangwa juu ya bodi. Programu huonyesha miunganisho isiyochorwa bado kwa mistari miembamba, na mhandisi huona mara moja ni wapi mistari imekatana.

Tatu, kubwa hutangulia dogo. Malango mazima hubadilishana kwanza, kisha pini ndani ya kila lango. Anayeanza na pini hujikuta akirudia kazi lango linapohama.

Nne, badiliko lililofanywa upande wa bodi hurejeshwa katika mchoro wa saketi, kisha programu huamriwa kukagua kanuni. Hatua hii ikirukwa, michoro miwili huanza kusema mambo tofauti, na fundi atakayetafuta hitilafu baadaye ataongozwa na mchoro usio wa kweli. Kwa chipu inayoprogramiwa, mwandishi wa programu naye sharti apewe orodha mpya ya pini. Asipopewa, ataamuru pini ambayo haijaunganishwa na taa wala mota aliyoikusudia.

Mipaka ya ulinganifu

Ulinganifu haupimwi kwa umbo la pini bali kwa matumizi. Chipu ya kumbukumbu ni mfano mzuri. Katika kumbukumbu ya kawaida ya kuandika na kusoma, ya aina ya SRAM, nyaya za data huweza kubadilishana, kwani kinachoandikwa kwa mpangilio uliogeuzwa husomwa kwa mpangilio uleule. Hata nyaya za anwani huweza kufanyiwa hivyo. Ni kama mtunza maktaba aliyebadilisha namba za rafu: maadamu ndiye anayeweka na kutoa vitabu, hakuna kinachopotea.

Kumbukumbu iliyojazwa kwingine kabla ya kupachikwa ni kinyume chake, kwa sababu aliyeweka vitabu alifuata namba za awali. Vivyo hivyo, katika kumbukumbu za aina ya DDR nyaya za anwani hubeba pia mipangilio ya kuiandaa chipu. Zikibadilishana, chipu hupokea maagizo yasiyo sahihi.

Hitimisho

Imebainika kwamba kazi inayoonekana kuwa ya kusogeza mistari kwenye kioo cha tarakilishi ni kazi ya maana: kujua ni vitu gani vinaweza kushika nafasi ya vingine bila ujumbe kupotea. Kiswahili tayari kilikuwa na vitenzi vikuu vya kuieleza. Majina yamekopwa, kama vile pini, neti na chipu, lakini uti wa maelezo umetoka katika mnyambuliko wa vitenzi. Ipo haja, basi, ya waundaji wa istilahi kutoishia kwenye nomino. Mwanafunzi wa uhandisi anayefundishwa kwamba pini zinabadilishana neti, badala ya kuambiwa tu kwamba pini zimebadilishwa, ameshapewa nusu ya somo kabla ya kuwasha tarakilishi.